Namna ya Kutumia Mashine za Rimoti Kuondoa Mabomu ya Kutegwa Ardhini

Mashine inayoendeshwa kwa rimoti haiondoi kila bomu lililo chini ya ardhi inayopita, na anayeanza kazi hii akiamini vinginevyo atakuwa amewaweka watu hatarini kabla injini haijapata moto. Kazi ambayo mashine huifanya vizuri ni kutangulia mahali ambapo mtu hapaswi kutangulia: hufyeka vichaka, hukata nyaya za kutegea, hupasua udongo uliokauka, hulipua au kuvunjavunja mabomu mengi, na huonyesha mstari wa mabomu unapopita. Neno la mwisho, la kumwambia mkulima kwamba anaweza kurudi shambani, hutolewa na watu baada ya ardhi hiyo hiyo kukaguliwa tena kwa njia nyingine.

Maelezo haya yanawalenga viongozi wa vikosi, waendeshaji, mafundi, na maofisa wa serikali wanaosimamia kazi hiyo. Mifano mingi nimeichukua Sudan Kusini, kwa sababu udongo wake, mvua zake na vita vyake vya muda mrefu vimekusanya karibu kila tatizo ambalo mashine hizi hukutana nalo, na kwa sababu si mbali na vyuo na karakana za Afrika Mashariki ambako wengi wa wasomaji wangu walifundishwa kazi. Hakuna sehemu ya mwongozo huu inayochukua nafasi ya Viwango vya Kimataifa vya Hatua dhidi ya Mabomu, maarufu kwa kifupi cha IMAS, ambavyo vina sehemu yake maalumu ya mashine, namba 09.50, wala inayochukua nafasi ya viwango vya nchi. Shirika lazima lipate ithibati ya mamlaka ya taifa, ambayo kwa Sudan Kusini iko Juba, na mashine yenyewe lazima ijaribiwe na kukubaliwa mahali itakapofanya kazi, hata kama ilikwisha kukubaliwa katika nchi nyingine.

Kuchagua mashine na zana yake

Zana za mbele ya mashine ni za aina kuu mbili. Ya kwanza ni mhimili unaozunguka kwa kasi ukiwa umefungwa minyororo mingi, na kila mnyororo una nyundo ya chuma kwenye ncha; nyundo hizo hupiga ardhi na kuichimba. Ya pili ni ngoma nzito yenye meno magumu ambayo husaga udongo pamoja na kilichomo. Minyororo huvumilia mlipuko vizuri zaidi, kwa kuwa nguvu ya mlipuko hupenya katikati yake, na mnyororo uliokatika hubadilishwa kwa muda mfupi. Ngoma ya meno hufikia kina kwa usawa zaidi, lakini ni nzito, hutumia dizeli nyingi, na mlipuko mkubwa ukiipata, kazi ya eneo zima husimama hadi fundi amalize. Baadhi ya mashine, kama zile za MineWolf ambazo zimefanya kazi Sudan Kusini, hukubali kubadilishiwa zana, na jambo hilo lina faida kubwa mahali ambapo mradi mmoja unapita kwenye mchanga, changarawe na udongo wa mfinyanzi.

Uzito wa mashine uchaguliwe kwa kuangalia bomu kubwa zaidi linaloweza kupatikana, si lile linalopatikana mara nyingi. Bomu dhidi ya watu aina ya PMN lina gramu 240 za baruti ya TNT. Bomu dhidi ya vifaru aina ya TM-62M lina takriban kilo 7.5, yaani zaidi ya mara 30. Mashine nyepesi kama MV-4 ya kampuni ya DOK-ING ya Croatia, yenye uzito wa takriban tani 5 na nusu, ilibuniwa hasa kwa ajili ya mabomu dhidi ya watu. Ni rahisi kuisafirisha, madaraja dhaifu huihimili, na inaingia kati ya nyumba na miti ambako mashine kubwa haipiti. Kuipeleka kwenye barabara iliyotegwa mabomu ya vifaru ni kuipoteza zana yake siku ya kwanza, na pengine kuipoteza yote.

Swali la vipuri liulizwe kabla ya kutia saini mkataba. Vifaa vinavyokwenda Juba kwa kawaida hushuka bandari ya Mombasa, hupita Uganda na kuingia kupitia Nimule, na mpira mmoja wa haidroliki ukikosekana unaweza kuilaza mashine ya thamani kubwa kwa wiki kadhaa katikati ya kiangazi. Kwa maoni yangu, mashine yenye uwezo wa wastani ambayo injini yake inafahamika kwa mafundi wa Kampala na Nairobi ni bora kuliko mashine yenye uwezo mkubwa inayomsubiri mtaalamu kutoka Ulaya. Mnunuzi aagize nyundo, minyororo, mipira ya haidroliki, filta na antena za akiba za msimu mzima, na rimoti ya pili, kwa kuwa rimoti ikianguka na kupasuka hakuna kitakachosogea.

Mahali pa kupeleka mashine na mahali pa kuiacha

Sehemu kubwa ya mafanikio huamuliwa kabla lori la kubebea mitambo halijaondoka karakana. Eneo linaloshukiwa, kama lilivyochorwa kwenye ramani, huwa kubwa kuliko eneo lenye mabomu yenyewe, mara nyingi kwa mbali sana, kwa sababu watu huogopa bonde zima baada ya ng'ombe mmoja kulipuliwa. Ukiiachia mashine isage bonde lote, utatumia msimu mzima kulima ardhi isiyo na kitu. Anzeni na mazungumzo: askari wa zamani waliokaa katika ngome ile, wachungaji wanaojua ng'ombe walifia wapi, wachoma makaa, na wanawake wanaokwenda kuni, ambao kwa uzoefu wa kila siku wanajua njia ipi wameiacha na tangu lini. Ushahidi huo ukishawekwa kwenye ramani, mashine itumike kukata mikato michache, yaani njia nyembamba zinazopigwa na zana yake, iliyopangwa kuvuka mahali ambapo mstari wa mabomu unatarajiwa. Ikilipua bomu au ikifukua vipande, wateguaji, yaani watu wanaotafuta na kuondoa mabomu kwa mkono, wana mahali pa kuanzia; isipopata kitu katika mikato yote, nao huo ni ushahidi, ambao pamoja na maelezo ya wenyeji unaweza kuiruhusu mamlaka kupunguza eneo.

Udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopatikana sehemu nyingi za Sudan Kusini, unadai kalenda yake mwenyewe. Wakati wa mvua mashine huzama, na hata isipozama, bomu lililo kwenye tope husukumwa chini badala ya kubanwa likalipuka, huku nyundo zikirusha matope na kuacha mifereji isiyo na kina sawa. Mwishoni mwa kiangazi udongo huo huo huwa mgumu kiasi kwamba nyundo zinadunda juu yake. Kipindi kizuri ni mwanzo wa kiangazi, baada ya maji kukauka na kabla ardhi haijakaza, na mpango wa kazi, ruhusa za forodha na ajira za wafanyakazi vipangwe kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo.

Kuna maeneo ambayo mashine isipelekwe kabisa. Ghala la silaha lililolipuka, mahali penye mabomu ya ndege au roketi ambazo hazikulipuka, na mahali panapodhaniwa kuwa na risasi za fosforasi si kazi ya nyundo. Mawe makubwa hula zana na kuficha mabomu pembeni yake. Mahandaki ya zamani yaliyofunikwa na nyasi huipindua mashine, nayo mara nyingi ndiyo yaliyokuwa yamezungushiwa mabomu, kwa hiyo yatafutwe kwenye picha za angani kabla ya kazi. Vichuguu, ambavyo Sudan Kusini vimejaa kila upande, vinaweza kuwa vigumu kama ukuta, na mashine ikivizunguka huacha pete ya ardhi isiyoguswa ambayo lazima ichorwe kwenye ramani kama ardhi isiyosafishwa. Miembe na miti mingine ya matunda ni mali ya mtu. Mwenyewe aulizwe, na uamuzi uandikwe. Kandokando ya mito na kwenye miteremko, ardhi iliyopigwapigwa huchukuliwa na mvua ya kwanza, na pamoja nayo yanaweza kuchukuliwa mabomu yaliyobaki, yakatua mahali ambapo hakuna aliyekuwa anayatazamia.

Kupanga eneo la kazi

Kila mashine huanzia kwenye ardhi iliyokwisha kusafishwa kwa mkono. Ukanda huo wa kuanzia uwe mpana wa kutosha mashine kugeuka bila mkanda wake wa chuma kukanyaga nje ya alama. Pembeni yake patengwe mahali pa ukaguzi, mahali pa matengenezo na mafuta, kituo cha mwendeshaji, na maegesho ya gari la wagonjwa, ambalo lielekezwe upande wa kutokea na lisitumwe kufuata maji wala chakula kazi ikiwa inaendelea. Zoezi la kumtoa majeruhi lifanywe kabla ya siku ya kwanza, kwa saa mkononi, hadi mahali atakapopokelewa na daktari.

Mwendeshaji akae mahali anapoiona mashine, nyuma ya ngao au ndani ya gari lenye kinga, katika umbali uliowekwa na utaratibu wa maandishi wa kikosi kulingana na bomu baya zaidi linalotarajiwa. Mabomu yanayoruka kabla ya kulipuka, kama PROM-1 na OZM-4, hutawanya vipande vya chuma pande zote kwa urefu wa kiuno, na ndiyo yanayopaswa kuamua umbali huo, hata kama katika eneo lote hakuna ushahidi ila wa PMN. Umbali wa mawasiliano unaotajwa na mtengenezaji si umbali wa kufanyia kazi. Mawimbi ya redio yanaweza kufika mbali, lakini jicho la mtu halioni ukingo wa mkato wenye upana usiofika mita 2 likiwa mbali vile, hasa vumbi linapopanda. Kamera husaidia, ingawa nazo huzibwa na vumbi hilo hilo. Kwa hiyo kituo kiwekwe upande ambao upepo unatoka, na mashine isimame vumbi linapoficha zana.

Masafa ya redio yaombewe kibali, kisha yajaribiwe mahali penyewe. Karibu na minara ya simu, kambi za jeshi na vituo vya Umoja wa Mataifa, mawasiliano yaliyofanya kazi vizuri karakanani yanaweza kukatikakatika.

Jambo ambalo vikosi vingi huliacha hadi litokee ni namna ya kuitoa mashine iliyokwama. Itakwama, iwe kwa handaki, kwa mti, kwa injini kuzimika au kwa bomu, na itakwama katikati ya ardhi ambayo haijakaguliwa. Mkato iliyouacha nyuma yake si njia salama ya kutembea, hata kama umelimwa vizuri, mpaka mteguaji ameupitia kwa kitambua metali. Utaratibu uandikwe mapema: nani anatoa amri, mteguaji yupi anasafisha njia ya kuifikia, winchi ina waya wa urefu gani, ndoano inafungwa wapi, na nani anahakikisha kwamba hakuna bomu lililo hai chini ya tumbo la mashine kabla ya waya kukazwa. Kufunga waya wa kuvutia nyuma ya mashine kabla haijaingia katika eneo gumu ni tahadhari ndogo inayookoa siku nyingi.

Ukaguzi wa asubuhi

Nyundo zikaguliwe moja moja. Nyundo mpya ina kingo na uzito. Iliyochakaa huwa ya mviringo, nyepesi, inayong'aa upande mmoja, na badala ya kuchimba huteleza juu ya ardhi. Ukibadilisha nyundo ya upande mmoja, badilisha na ile inayoikabili upande wa pili wa mhimili, la sivyo mhimili utatikisika na kulegeza bolti za mashine nzima. Hesabu ya minyororo iandikwe kabla na baada ya kila zamu, kwa kuwa kila mnyororo uliokatika huacha mstari usiopigwa kwa urefu wote wa mkato. Mipira ya haidroliki isipapaswe kwa kiganja kutafuta mvujo. Oili yenye shinikizo hupenya ngozi na mtu anaweza kupoteza mkono, kwa hiyo tumieni kipande cha kadibodi. Radieta isafishwe mbegu za nyasi, betri za rimoti zipimwe.

Kisha vijaribiwe vitu viwili ambavyo visipofanya kazi mashine haiondoki. Mashine ikiwa kwenye eneo salama na zana imeinuliwa, kitufe cha dharura kibonyezwe: kila kitu kisimame. Iwashwe tena, halafu rimoti izimwe ghafla, kama vile mawasiliano yamekatika: mashine isimame yenyewe bila kuambiwa. Fundi anayesema kwamba jana ilisimama vizuri aombwe aionyeshe leo.

Mwanzoni mwa kila eneo jipya, na kila udongo unapobadilika, kina kipimwe kwa mbao nyembamba za nyuzi. Njia hii imo katika makubaliano ya majaribio ya Ulaya yajulikanayo kama CWA 15044, lakini kikosi chochote kinaweza kuifanya. Mbao huzikwa zikisimama wima, kuvuka upana wa mkato, katika ardhi salama yenye udongo unaofanana na wa eneo la kazi. Mashine hupita juu yake kwa mwendo ule ule itakaotumia. Kisha mbao hufukuliwa taratibu na kusafishwa kwa brashi. Utaona ukingo wa juu umeng'atwa kama meno ya msumeno. Penye mabonde nyundo ilifika, penye vilele haikufika, na mara nyingine kuna kipande cha upana wa kiganja ambacho hakikuguswa kabisa, ushahidi wa mnyororo uliojisokota au mwendo uliozidi. Kina cha kweli cha mashine hiyo, katika udongo huo, siku hiyo, ni kile cha kilele kirefu zaidi kilichobaki. Msikubali wastani. Kama mamlaka imeagiza sentimita 20 na kilele kimoja kimeishia sentimita 12, mashine hiyo imefikia sentimita 12.

Kuendesha

Mwendo ndio unaoharibu kazi zaidi kuliko kitu kingine chochote, na hesabu yake ni rahisi. Tuseme mhimili unazunguka mara 420 kwa dakika, yaani mara 7 kwa sekunde. Mashine ikitembea kilomita 1 kwa saa, inasogea takriban sentimita 28 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya pigo moja la nyundo na pigo lake linalofuata ardhi imesogea sentimita 4. Mwendo ukiongezwa hadi kilomita 3 kwa saa, pengo hilo linakuwa karibu sentimita 12. Bomu la Kichina la Type 72 lina kipenyo kisichofika sentimita 8, na linakaa ndani ya pengo hilo bila kuguswa. Kwa sababu hiyo meneja anayedai mita za mraba nyingi zaidi kwa siku aonyeshwe hesabu hii, na mwendeshaji aliyepunguza mwendo kwenye udongo mgumu asiulizwe kwa nini amechelewa.

Mashine iingie kutoka ardhi salama, zana ikiwa mbele na ikiwa imeshafikia mzunguko kamili kabla ya kugusa mpaka, na mikanda yake ya chuma ikanyage tu ardhi ambayo zana imekwisha kuipiga. Isigeuke ndani ya eneo. Irudi kinyumenyume kwenye njia yake. Kila mkato upishane na uliotangulia, na sioni sababu ya kupishana kwa chini ya sentimita 30, kwa sababu ukingoni ndiko nyundo hufika vibaya zaidi. Hapo ukingoni pia udongo hujikusanya na kuwa tuta. Bomu lililokuwa sentimita 5 chini ya ardhi linaweza kujikuta chini ya sentimita 20 za udongo uliolegea, nje ya uwezo wa kitambua metali kilichopimwa kwa kina kidogo, kwa hiyo matuta hayo yasambazwe au yakaguliwe kwa tabaka.

Nyundo zinaweza pia kulirusha bomu bila kulilipua. Kwa sababu hiyo mashine isifanye kazi kandokando ya ardhi iliyokwisha kukabidhiwa. Paachwe ukanda wa kinga, na ukanda huo pamoja na ardhi yoyote ndani ya umbali wa kurushwa ukaguliwe upya.

Mwendeshaji asiwe peke yake. Mwangalizi akae naye, akiwa na ramani na saa, aandike kila mlipuko, mahali pake na ukubwa wake, kwa kuwa kelele za injini humeza sauti ya mabomu madogo na kinachobaki ni moshi mweusi unaoonekana kwa sekunde chache. Mlipuko mkubwa ukitokea, mashine irudishwe ikiwa inaweza, muda wa kusubiri ulioandikwa uheshimiwe, na ukaguzi ufanyike. Kuitazama skrini na vumbi kunachosha haraka kuliko watu wanavyokubali. Waendeshaji wawili wapokezane, na hakuna anayepaswa kuzidisha saa moja mfululizo. Mwendeshaji, hata akiwa mdogo wa cheo kuliko wote walio uwanjani, awe na mamlaka ya kusimamisha kazi bila kuomba ruhusa.

Mashine inaporudi, na baada yake

Watu hufurahi mashine inapotoka salama, na huisogelea. Wazuiwe. Kifyatuo kilichovunjika, au bomu zima, linaweza kuwa limenasa kwenye minyororo, kwenye mikanda au juu ya bamba la kinga. Mashine isimame mahali pa ukaguzi, zana ishushwe, injini izimwe, na mtu mmoja tu aikaribie, akiwa amevaa kioo cha uso cha polikaboneti chenye unene wa milimita 5 na fulana ya kinga inayokidhi IMAS, yaani inayohimili mlipuko wa gramu 240 za TNT kwa umbali wa sentimita 60. Hadi mtu huyo atakaposema iko safi, fundi na spana zake wangoje.

Ardhi nayo ingoje. Baadhi ya mabomu yatakuwa yamevunjika bila kulipuka, na vipande vya baruti na vifyatuo vimelala juu ya udongo. Kifyatuo kilichoharibiwa nusu ni cha hatari zaidi kuliko kilivyokuwa jana, kwa sababu hakuna anayejua kinashikiliwa na nini. Wateguaji wakiingia kwa vitambua metali watakutana na milio mingi ya vipande vidogo vya chuma, vikiwemo vya nyundo zenyewe, na kila mlio lazima ufuatwe hadi mwisho. Kazi hiyo inachosha, lakini Croatia, nchi iliyotumia mashine kwa wingi katika ardhi iliyotegwa mabomu wakati wa vita vya 1991 hadi 1995, ilijenga desturi ya kuifuatisha mashine na njia ya pili, na desturi hiyo inafaa kuigwa.

Mbwa wanaweza kuwa njia hiyo ya pili. Wanaweza pia kuwa panya buku wanaofunzwa Morogoro na shirika la APOPO, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambao walifanya kazi Msumbiji kabla ya nchi hiyo kutangaza Septemba 2015 kwamba imemaliza maeneo yake yote ya mabomu yaliyojulikana. Panya hunusa baruti na hawajali chuma, jambo ambalo ni faida kubwa katika ardhi iliyojaa vipande, na mashine iliyofyeka nyasi huwarahisishia njia. Tatizo ni kwamba nyundo husambaza harufu ya baruti kila mahali. Wanyama wasiletwe siku hiyo hiyo. Muda wa kusubiri uwekwe kwa majaribio katika udongo ule, na ni wa siku, si wa saa.

Kumbukumbu zijazwe kila jioni, shambani, zikiwa na viwianishi vya kila pembe ya eneo lililopigwa, kina kilichopimwa, mwendo, aina ya udongo na unyevu wake, minyororo iliyokatika, milipuko, na kila bomu ambalo wateguaji wamelikuta zima baada ya mashine kupita. Taarifa hii ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayofichwa zaidi, kwa kuwa inaonekana kama aibu ya mwendeshaji. Kiongozi wa kikosi aipokee kwa utulivu, aende mahali lilipokutwa bomu, apime lilikuwa kina gani na kama lilikuwa ukingoni mwa mkato, kisha abadilishe mwendo au upishano kabla ya kesho yake. Mabomu matatu mazima yakikutwa katika udongo wa aina moja, mikato yote ya nyuma katika udongo huo irudiwe.

Siku ya kukabidhi, wazee wa kijiji, wanawake na vijana waalikwe, na wateguaji watangulie kutembea juu ya ardhi hiyo mbele yao, kutoka mpaka hadi mpaka. Ramani ielezwe kwa alama zinazoonekana kwa macho: mwembe ule, kona ya barabara ile, kisima. Waonyeshwe kwa mkono kila kichuguu, kila kingo ya handaki na kila rundo la mawe ambalo mashine haikulifikia na halikukaguliwa kwa mkono, na vigingi vyekundu vibaki hapo baada ya kikosi kuondoka. Waachiwe jina la ofisi na namba ya simu ya kutoa taarifa, na wahakikishiwe kwamba jembe likigonga kitu msimu ujao kikosi kitarudi, kisha mtu ateuliwe kwa jina, kabla magari hayajawashwa, atakayeipokea simu hiyo.